Rimu za F-250 ya 2012 kwenye F-250 ya 2000: zitakaa?

Swali: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 2000, dizeli ya lita 7.3, fowili, bado inatembelea rimu za chuma za inchi 16 na tairi za LT235/85R16. Navuta nayo trela karibu kila wiki. Nimepata rimu nne za aloi za inchi 18 zilizotolewa kwenye F-250 ya 2012, pamoja na tairi zake za LT275/70R18 na nati zake. Muuzaji anasema matundu ni yale yale manane, nifunge tu niondoke. Shemeji yangu naye ana Chevrolet Silverado 2500HD ya 2006, ameona rimu za Silverado kama hiyo ya 2014. Tununue?

Jibu: Marahaba. Wewe unaweza kununua, lakini baada ya kupachika rimu moja mbele ya gari lako na kukata usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Nati ulizopewa usizifunge kwenye gari lako hata moja. Shemeji asinunue kabisa, na sababu yake nitaieleza kwanza kwa kuwa ni fupi.

Chevrolet na GMC za daraja la 2500 na 3500 zilikuwa na matundu manane kwenye duara la milimita 165.1, yaani inchi 6 na nusu, mpaka mwaka 2010. Kuanzia modeli ya 2011 kiwanda kikahamia milimita 180. Rimu ya 2014 ukiisogeza kwenye habu ya 2006 bolti hazitaingia, na hakuna ujanja wa kutoboa upya, maana matundu mapya yangekaa karibu mno na ya zamani na kuacha chuma chembamba katikati. Zipo adapta za kuunganisha vipimo hivyo viwili, ila ni bamba nene linalosukuma gurudumu nje na kuongeza safu nyingine ya nati za kukaguliwa. Kwa gari linalovuta mzigo, mimi ningemwambia atafute rimu za kati ya 2001 na 2010, zipo tele.

Sasa tuje kwako. Ford walianza milimita 170 na Super Duty ya kwanza (jina la pikapu zao nzito, ikiwamo F-250 yako), modeli ya 1999, na F-250 zimeendelea na kipimo hicho. Tundu kubwa la katikati nalo ni la milimita 125 hivi. Kwa hiyo muuzaji hajakudanganya: rimu ya 2012 itaingia kwenye bolti zako na itashika kwenye kitovu cha habu. Angekuwa na F-250 ya kabla ya 1999 ndipo ningepiga kelele, kwani zile ni 165.1. Tofauti ya 165.1 na 170 ni milimita 2.5 tu kwa kila upande wa kitovu, na kwa macho hutaiona. Kuna watu wamelazimisha rimu ya kipimo kimoja kwenye habu ya kipimo kingine kwa kukaza nati kidogo kidogo mpaka bolti zikapinda zikaingia. Bolti iliyopindishwa hivyo imeshaanza kufa kabla gari halijatoka gereji. Usiamini futi ya kukunja ya fundi seremala kwenye kipimo hiki. Tumia vernia, kile kipimo cha taya mbili, pima kutoka ukingo wa nje wa bolti moja hadi ukingo wa ndani wa bolti inayotazamana nayo, hapo utakuwa umepata katikati kwa katikati.

Breki hazikusumbui. Wanaoumia ni wanaorudi nyuma, wanaotaka kuvalisha rimu za inchi 16 za zamani kwenye gari la 2005 na kuendelea, ambalo diski na kalipa zake zimekua na zinataka inchi 17 kwa uchache. Wewe unatoka 16 kwenda 18, nafasi inaongezeka. Hata hivyo, ukishapachika rimu izungushe kwa mkono taratibu na usikilize. Vile vizito vya risasi vya kusawazisha, vikigongwa ukingo wa ndani, vinaweza kukwaruza kalipa hata pale rimu yenyewe inapopita vizuri.

Jambo ambalo ningekaa nalo muda mrefu zaidi ni nati.

Super Duty za miaka ya mwanzo, ikiwamo yako ya 2000, zina bolti za unene wa milimita 14 zenye nyuzi za hatua ya milimita 2.0, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Kuanzia modeli ya 2003 hivi Ford wakahamia hatua ya 1.5, unene ukabaki ule ule 14. Nati zilizokuja na rimu zako ni za 1.5. Ukiiweka mojawapo kwenye bolti yako itashika mzunguko mmoja, pengine na nusu, kisha itagoma. Mkononi utajua mara moja. Hatari ni ile mashine ya upepo. Inasukuma nati ndani kwa nguvu, inakata nyuzi za bolti, na ikifika mwisho inalia sauti ile ile ya nati iliyokaza vizuri. Unaondoka ukidhani una bolti nane kumbe una nane zilizoliwa. Kwa sababu hiyo kila nati lazima ianze kwa vidole na izunguke kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya chombo chochote kuigusa.

Wenye Ram nao wana mtego wa aina hii, tena mbaya zaidi. Ram 2500 imebaki na duara la 165.1 miaka yote, kwa hiyo watu huchukulia kuwa kila kitu kinaingiliana. Lakini za zamani zina bolti za inchi 9/16 zenye nyuzi 18 kwa inchi, na za karibuni ni milimita 14 kwa hatua ya 1.5. Inchi 9/16 ni milimita 14.29. Nati ya zamani inaingia kwenye bolti mpya kwa ulaini wa kuvutia, kwa kuwa ni pana kidogo, na hatua ya nyuzi inakaribiana: 1.41 dhidi ya 1.5. Inateleza nyuzi kadhaa kabla ya kuanza kung'ang'ana. Ulaini ule ndio unaowaponza watu.

Basi tumia nati zako za sasa, kama ni zile za vipande viwili zenye sahani bapa inayozunguka chini. Rimu za aloi za 2012 zinataka kalio bapa la namna hiyo. Nati yenye kalio la koni ikikazwa kwenye tundu la kalio bapa inagusa ukingo tu, mstari mwembamba wa duara badala ya uso mzima, na aloi ni laini, itakubali kuumizwa kimya kimya. Shika kila nati, zungusha ile sahani yake kwa kidole. Iliyoganda kwa kutu nunua mpya ya hatua ya 2.0.

Baada ya hapo pima urefu wa bolti. Kitako cha rimu ya aloi, yaani sehemu inayokaa juu ya habu, ni kinene kuliko bamba la rimu ya chuma, kwa hiyo bolti iliyokuwa inachomoza vizuri huenda sasa inachungulia tu. Kanuni ninayoishika ni kwamba nyuzi zinazoshikana ziwe na urefu sawa na unene wa bolti au zaidi. Kwako ni milimita 14, na kwa hatua ya 2.0 hiyo ni mizunguko 7 kamili ya nati, tangu iliposhika mpaka iliposimama kwenye rimu. Weka alama ya chaki juu ya nati na uhesabu. Ikifika sita, au sita na kitu, badilisha bolti uweke ndefu. Usiseme inatosha.

Uso wa habu nao unataka kazi. Watu wengi wanadhani bolti ndizo zinazobeba gari. Kazi ya bolti ni kubana. Kinachozuia gurudumu lisiteleze juu ya habu ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa, na kitovu cha habu ndicho kinacholiweka gurudumu katikati. Kitu chochote kikikaa baina ya nyuso hizo mbili, mbano unaondoka kikiondoka. Niliwahi kuletewa pikapu ambayo nati za gurudumu la nyuma zilikuwa zinalegea kila baada ya safari. Mwenyewe alikuwa amezikaza mara tatu. Tulipoitoa rimu tukakuta vumbi jeusi la kijivujivu limezunguka kila tundu, ile ni aloi iliyosagwa, na matundu mawili yameanza kuwa kama yai. Kwenye bolti mbili kulikuwa na vile vibati vyembamba vya kushikilia dramu, vinavyowekwa kiwandani ili dramu isidondoke wakati gari linaundwa. Rimu zake za zamani zilikuwa na nafasi ya kuvimeza, hizi mpya hazikuwa nayo. Rimu ilikuwa imekaa juu ya vibati viwili vya unene wa ukucha. Gari la tani kadhaa lilikuwa limeegemea vipande hivyo. Rimu ile haikufaa tena.

Kwa hiyo ng'oa vibati kama vipo. Piga brashi ya waya uso wote wa habu mpaka chuma kionekane, hasa pembeni kwenye shina la bolti ambako kutu hujijenga kama magamba. Futa kitako cha rimu, na kama imepakwa rangi nzito pale inapokutana na habu, iondoe. Grisi nyembamba paka kwenye mdomo wa kitovu pekee, ili aloi na chuma visiumane kwa kutu ukashindwa kuitoa rimu siku ya pancha. Kwenye uso wa kubana na kwenye nyuzi usipake kitu.

Sasa lile sharti la kukata usukani. Gari lako, kwa kuwa ni fowili ya kabla ya 2005, lina springi za mabamba mbele. Ile iliyotoa rimu ina springi za koili na ekseli ya mbele iliyopangwa vingine. Rimu zile ziliundwa kwa nafasi ya gari lile, na kitako chake kimesogezwa upande wa nje wa rimu, hivyo sehemu kubwa ya gurudumu inaingia ndani kuelekea springi. Mafundi huita umbali huo ofseti. Uhesabu mwenyewe: laza rimu tupu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka ubao hadi kwenye uso wa kitako. Kisha pima upana wote wa rimu ukingo kwa ukingo, gawa kwa mbili, toa kwenye kipimo cha kwanza. Kwa mfano, ukipata 155 kwa kitako na upana wa 230, ofseti ni milimita 40. Fanya hivyo hivyo kwa rimu yako ya zamani.

Tuseme ofseti imeongezeka kwa milimita 15. Tairi nayo imetoka upana wa 235 hadi 275, yaani 20 zaidi kila upande. Upande wa ndani umesogea 15 na 20, jumla 35. Milimita 35 karibu na springi na fremu, wakati upande wa nje umetoka 5 tu. Ndiyo maana ukiangalia gari kwa nje kila kitu kinaonekana kimekaa kwa adabu, na ukikata kona kwenye maegesho unasikia mpira ukilamba chuma. Fanya jaribio gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, usifanye likiwa kwenye jeki, kwa sababu springi iliyoning'inia ina umbo jingine. Kata usukani hadi mwisho kulia, ingia chini na tochi, pitisha vidole kati ya tairi na springi. Rudia kushoto. Mimi napenda nafasi ya vidole viwili isiyobana. Kama kidole kimoja kinapita kwa shida, tairi itagusa siku utakapopanda tuta upande mmoja.

Ikigusa una njia mbili za maana. Ya kwanza, ambayo ningeichagua, ni tairi nyembamba au fupi zaidi kwenye rimu hizo hizo. LT275/65R18 haipunguzi upana lakini inapunguza kimo, na mara nyingi mguso ni wa pembe ya juu au ya mbele ya tairi. Ya pili ni speisa, yaani bamba la kusogeza gurudumu nje, zinazofungwa kwa nati zake zenyewe na zenye mdomo wa kitovu pande zote mbili, za kampuni inayoandika uwezo wa mzigo. Yale mabamba matupu yanayochomekwa tu kwenye bolti yanakula urefu wa nyuzi ambao tumetoka kuuhesabu na yanaiacha rimu ikining'inia bila kitovu. Kwa mvuta trela, hapana.

Kimo chenyewe kina matokeo. LT235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806, LT275/70R18 ina 842. Ni asilimia 4.5 zaidi. Kipima mwendo kikisema maili 60 utakuwa unakwenda karibu 63, na maili za odometa zitakuwa pungufu kwa kiasi hicho mpaka urekebishiwe kwa kompyuta. Kwenye kuvuta utahisi zaidi: difu ya uwiano wa gia wa 3.73 itafanya kazi kama ya 3.57. Kwenye tambarare ni sawa, hata injini itapumua. Kwenye mlima na trela nyuma utashuka gia mapema kuliko ulivyozoea. LT275/65R18 yenye milimita 815 ingekubakisha karibu pale pale ulipo, na kwa kazi yako ndiyo ningeitafuta hizi zilizokuja nazo zikiisha.

Kuhusu mzigo, habari ni njema lakini isikulevye. Tairi yako ya sasa, ikiwa ya daraja E la uwezo wa mzigo, inabeba pauni 3042 kwa upepo wa pauni 80 kwa inchi ya mraba. LT275/70R18 ya daraja E inabeba 3640. Pikapu nyingi za daraja hili zilizotoka na tairi za inchi 16 zina kikomo cha ekseli ya nyuma cha pauni 6084 kwenye kibandiko cha mlango, na ukigawa kwa mbili unapata 3042: tairi ndiyo iliyokuwa mpaka. Watu huona hivyo wakasema, basi nikiweka tairi kubwa nimeongeza uwezo. Kibandiko hakibadiliki. Springi, breki na bearingi ni zile zile za mwaka 2000, tena zimezeeka. Chukua ziada ile kama pumzi ya tairi siku ya joto na trela nzito. Angalia pia uwezo uliochongwa nyuma ya kila rimu, usome kwa macho yako, usiupime kwa jina la gari.

Valvu ni kitu kidogo kinacholaza watu barabarani. Rimu za 2012 zinaweza kuwa bado na vihisi vya upepo ndani. Gari lako halina habari navyo, havitadhuru. Ila kama shina lake limeota kutu nyeupe, mwambie fundi wa tairi aling'oe na aweke valvu ya chuma au ya mpira ya upepo wa juu. Valvu za mpira za kawaida, zile za magari madogo, mwisho wake ni pauni 65, nawe utajaza 80 nyuma ukibeba.

Vifuniko vya katikati vya 2012 usivihangaikie. Habu zako za mbele zenye kufuli la kuzungusha kwa mkono zinachomoza kuliko za gari lile, havitafunga. Usivigonge kwa nyundo. Acha wazi, au tafuta vilivyo wazi katikati.

Siku ya kufunga, kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka upande wa pili kila mara, raundi ya kwanza nusu nguvu gari likiwa kwenye jeki, ya mwisho kwa toki renchi gari likiwa chini. Ford kwa Super Duty za bolti za 14 wanataka futi-pauni 165, karibu nyutoni-mita 224. Hiyo ni nguvu nyingi kuliko mkono uliozoea gari dogo unavyodhani. Endesha maili 50 bila trela, kaza tena. Kaza tena baada ya safari ya kwanza ya trela. Nati ikizunguka hata robo kwenye ukaguzi wa pili, toa gurudumu utazame nyuma yake, usiikaze tu ukaondoka.

Mwisho ni spea. Ulisema umepata rimu nne. Spea yako ya inchi 16 ni fupi kwa milimita 36, na kwenye fowili tofauti hiyo ikitumika barabara kavu magurudumu yote yakivuta inapinda mfumo mzima wa gia. Tafuta rimu ya tano, na kabla ya kuilipia ipandishe chini ya bodi kwa mnyororo wa spea uone kama inaingia, maana 842 si 806. Mpaka uipate, spea ndogo ikilazimika kutumika iweke mbele, gari likivuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Pancha ikiwa ya nyuma, hamisha la mbele liende nyuma kwanza. Ni kazi ya ziada ya dakika ishirini kando ya barabara, lakini difu ya nyuma ndiyo inayovuta trela na haipendi kuzungushwa kwa vipenyo viwili. Nati zile zile zitumike, na spana inayozitosha ikae ndani ya gari. Zile za hatua ya 1.5 zirudishe kwa muuzaji leo leo, zisije zikachanganyika nazo kwenye kisanduku.